Uongo wa Kwenye Fomu ya Konveta

Toki konveta ni ngoma ya chuma yenye umbo la kitumbua, upana wake kama sinia dogo la pilau, inayokaa kati ya injini na gia boksi ya otomatiki. Kazi yake ni ile inayofanywa na klachi kwenye gari la gia za mkono: kuiacha injini iendelee kuunguruma gari likiwa limesimama, kisha kuipeleka nguvu kwenye magurudumu dereva anapotaka kuondoka. Klachi hushika kwa msuguano wa sahani. Konveta ya kizamani hushika kwa oili tu, na ndani yake hakuna chuma kinachosukuma chuma kingine.

Mtu aliyewahi kukoroga uji ameiona kanuni hiyo bila kuijua. Mwiko ukizungushwa ndani ya sufuria, uji wote huzunguka, na mwiko wa pili ukiachwa humo huburutwa na kuzunguka pia ingawa hakuna aliyeushika. Ndani ya konveta mwiko wa kwanza ni pampu, yaani mapanga yaliyofungwa kwenye ganda lenyewe, na ganda hilo limeungwa kwenye krenki ya injini. Mwiko wa pili ni tabini, iliyovikwa kwenye shafti inayoingia gia boksi. Katikati yao kuna gurudumu dogo la mapanga liitwalo steta, na bila hilo konveta ingekuwa uji mtupu. Oili inayotoka kwenye tabini hurudi ikiwa na mwelekeo wa kuipinga pampu. Steta huipokea, huigeuza, na kuielekeza upande ule ule pampu inakozunguka. Kwa hila hiyo, gari linapoanza kujivuta, toki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayoingia gia boksi huweza kuwa mara mbili au zaidi kidogo ya ile iliyotoka kwenye injini. Tabini ikishaikaribia kasi ya pampu, kwenye tisa ya kumi hivi, steta huachia na kuzunguka pamoja na wenzake, na nyongeza hiyo hukoma.

Aliyeibuni, Hermann Föttinger, alikuwa mhandisi wa karakana ya meli huko Stettin, Ujerumani, mwaka 1905. Shida yake ilikuwa propela za meli. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla Buick haijaitia kwenye gari la watu mwaka 1948, kwa jina Dynaflow, na mwendo wake ukawa mlaini na mzito kuamka kiasi kwamba wapenzi wa gia za mkono wakaziita otomatiki zote sanduku la rojorojo. Kejeli hiyo ilianza kuwarudi miaka ya 1960, magari ya misuli yalipoingia barabarani Marekani. Gari la misuli ni bodi ya saizi ya kati, mara nyingi ya milango miwili, iliyopewa injini iliyokusudiwa gari kubwa zaidi na mnunuzi mwenye subira ndogo zaidi. Pontiac GTO ya 1964 ilitoka na injini ya lita 6.4. Chevrolet Chevelle SS ya 1970 ilifikia lita 7.4 na, kwa toleo la LS6, farasi 450 kwa hesabu za karatasini. Nyuma ya injini za aina hiyo zilifungwa gia boksi za otomatiki ambazo hadi leo mafundi huzitaja kwa heshima: Turbo-Hydramatic 400 ya General Motors, TorqueFlite 727 ya Chrysler, C6 ya Ford. Kwenye robo maili, yaani mita 402, dereva wa otomatiki nzuri aliweza kumwacha jirani yake wa gia za mkono, kwa sababu konveta ilimwongezea toki mwanzoni na hakulazimika kuuachia mguu wa mafuta kila anapobadili gia.

Leo magari hayo yana zaidi ya miaka 50, injini zake zimefunguliwa na kuongezwa nguvu mara kadhaa, na konveta iliyotoka nayo kiwandani hailingani tena na chochote kilichomo. Hapo ndipo mwenye gari anapolazimika kuchagua nyingine.

Neno la kwanza analokutana nalo, na la kwanza analolielewa vibaya, ni stoli. Stoli ni kasi ya juu kabisa ambayo injini inaweza kuifikia ikikanyagwa mafuta mpaka mwisho huku tabini imezuiwa isizunguke. Kwenye konveta za kiwandani za enzi hizo ilikuwa kama mizunguko 1600 hadi 2000 kwa dakika. Zinazouzwa kwa wapenda mbio hupanda hadi 2500, 3000, 3500, na za mashindano matupu hupita 5000. Kwa kawaida stoli hupanda kadiri kipenyo kinavyopungua: za kiwandani zilikaribia sentimita 30, za barabarani zenye haraka ni kama 25, na zile za mashindano huweza kushuka hadi 20. Pembe za mapanga na umbo la steta huamua yaliyobaki, na hayo hayaonekani kwa nje. Kwa hiyo mnunuzi huangalia rangi.

Kwenye katalogi stoli huandikwa kwa herufi nene, na mwenye gari huichukulia kama saizi ya kiatu. Jirani yake ana Chevelle nyekundu ya 1970 yenye konveta ya stoli 3000, na akiondoka kwenye taa moshi wa tairi hubaki hewani kama wa mchoma mkaa. Yeye pia ana Chevelle ya 1970, ya kijani. Anaagiza konveta ile ile, namba ile ile, duka lile lile. Inafungwa. Anakanyaga mafuta, mshale wa resi unapanda kwa madaha hadi 2300 na kutulia hapo, na gari linaondoka kama basi la shule. Simu anayoipiga dukani dakika tano baadaye haina salamu. Muuzaji husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza swali moja: injini ni ipi? Ukimya unaofuata huwa mrefu.

Jirani ana lita 7.4, iliyotangazwa na kiwanda kuwa na toki ya pauni-futi 500. Chevelle ya kijani ina injini ndogo kuliko zote za V8 zilizowekwa kwenye bodi ile mwaka huo, lita 5.0, yenye pauni-futi 300. Stoli haimo ndani ya konveta peke yake. Hupanda na kushuka kwa kipeuo cha pili cha toki ya injini inayoisukuma: kipeuo cha pili cha 500 ni 22.4, cha 300 ni 17.3, na konveta inayotoa 3000 kwa wa kwanza itatoa kama 2300 kwa wa pili hata ikifungwa na fundi bora wa jimbo zima. Duka halikumuibia mtu. Lilimuuzia namba ya jirani.

Ndiyo maana watengenezaji makini hawauzi kwa katalogi tu. Wana fomu. Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja wa maswali, na kama ingejazwa na gari, konveta ingetoka sawasawa kila mara. Bahati mbaya hujazwa na mwenye gari.

Swali la uzito hupita haraka. Mwenye gari huandika uzito aliousoma kwenye kijitabu cha kiwanda, kama kilo 1600, akiwa amesahau spika alizofunga kwenye buti, kisanduku cha spana asichokitoa tangu 2009, na yeye mwenyewe. Gari zito huichelewesha konveta kushika na huongeza joto, lakini kosa la kilo mia mbili humalizika kwa kunung'unika tu.

Swali la nguvu ya injini ni la hatari zaidi, kwa sababu hapo uongo wa mwenye gari hukutana na uongo wa kiwanda. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa peke yake juu ya meza, bila feni, bila eksozi ya gari, bila kichungio cha hewa, yaani ikiwa imevuliwa kila kitu kinachoichosha. Ilipofika 1972 vikaanza kutangaza nguvu halisi ya injini iliyovaa nguo zake zote, na namba zikaanguka kwa usiku mmoja, hata kwa injini ambazo hazikuguswa bolti. Mwenye gari huchukua namba ya zamani, ile ya juu, kisha huongeza farasi 40 za kabureta mpya, 30 za eksozi, na 20 za stika. Mtengenezaji akiamini hesabu hiyo, atajenga konveta ya kuibana injini yenye toki nyingi. Injini halisi, yenye toki kidogo, itaikuta konveta hiyo ngumu kama mlango wa chuma, na stoli itakuwa chini kuliko iliyoombwa. Jambo la kushangaza ni kwamba aliyeongeza farasi za uongo ili apate mbio zaidi huishia kupata mbio pungufu, na hakuna wa kumshtaki.

Linafuata swali la kemshafti, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Kemshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu. Ya kawaida hufungua kwa adabu, na injini huunguruma kwa utulivu gari likiwa limesimama. Ya mbio hufungua valvu juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, hivyo injini hupumua vizuri kwenye resi za juu na vibaya sana kwenye resi za chini. Sauti yake ikiwa imesimama ni ya kukatikakatika, kama mzee anayekohoa ndani ya pipa, na wapenda magari ya misuli huipenda sauti hiyo kuliko muziki wowote. Wengi hununua kemshafti kwa ajili ya sauti. Nguvu inakoanzia, 2500 au 3000, husomwa baadaye, kwenye karatasi iliyokuwa imefungia boksi.

Kemshafti kali ikifungwa mbele ya konveta ya kiwandani, mambo hutokea kwa mpangilio unaojulikana. Injini haiwezi kukaa kwenye mizunguko 650, hufa. Mwenye gari huipandisha hadi 1000 ili iishi. Lakini konveta ya kiwandani kwenye 1000 tayari imeanza kushika, hivyo gia liva ikiwekwa kwenye D gari linataka kwenda. Anaposimama kwenye taa, gari halikubali kusimama. Hulisukuma guu la breki kama mbuzi anayevutwa kamba. Na breki zenyewe, kama ni zile za kusaidiwa na mvuto wa hewa wa injini, zimedhoofika, kwa kuwa kemshafti ile ile imeupunguza mvuto huo. Mguu wa kulia unakandamiza breki kwa nguvu zote, wa kushoto unakuja kusaidia, injini inaelemewa, inakohoa mara mbili, inakufa. Anarudisha gia liva kwenye N, anapiga stata, inawaka kwa kishindo, anatia D, gari linaruka hatua moja, inakufa. Taa imeshakuwa kijani. Wa nyuma anapiga honi. Wa nyuma yake anashuka na kuja kuuliza kama gari linauzwa.

Dawa ni konveta legevu zaidi, yenye stoli iliyo juu kidogo ya pale kemshafti inapoanzia kazi; mafundi wengi huongeza mizunguko kama 500. Kemshafti ya kuanzia 2000 hukaa vizuri na stoli ya 2500 hivi. Hapo injini inaweza kusimama kwenye taa ikikohoa kwa raha zake, konveta ikiwa haijashika vya kutosha kuisumbua, na ikikanyagwa huruka moja kwa moja hadi pale inapopumua. Konveta iliyochaguliwa hivi hulifanya gari lionekane limeongezewa injini. Ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko kemshafti, kabureta na vichwa vya silinda kwa pamoja, na ndiyo inayonunuliwa mwisho, pesa zikiwa zimeisha.

Swali la difu na tairi ni la hesabu tupu, na kwa sababu hiyo hujibiwa kwa kubahatisha. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 66 huzunguka kama mara 804 kwa dakika gari likienda kilomita 100 kwa saa. Difu ya uwiano wa 2.73, iliyokuwa ya kawaida kwenye magari ya safari ndefu, hufanya injini izunguke kama 2200 kwenye gia ya mwisho. Difu ya 3.55 huipeleka kama 2850, na ya 4.10 karibu 3300. Mwenye difu ya 2.73 anayefunga konveta ya stoli 3500 atasafiri barabara kuu nzima chini kabisa ya stoli yake. Wapo wanaosema gari kama hilo haliwezi hata kwenda, na hilo ni kuzidisha chumvi: kwenye mwendo wa kutulia injini haitoi toki nyingi, na konveta hushika kiasi. Ila hushika kwa kuteleza, na kila anapopanda mlima au kulipita lori huteleza zaidi. Kinachoteleza hugeuka joto, na joto hilo hulipwa kwenye kituo cha petroli.

Difu ikibadilishwa na kuwa ya 4.10 konveta hufurahi, na masikio huteseka. Ndiyo sababu wengine hufunga gia boksi za baadaye zenye gia nne na kufuli ndani ya konveta, bamba linaloishika tabini na ganda pamoja mwendo ukishatulia, oili ikabaki kutazama. Chrysler iliitia kufuli ya namna hiyo kwenye TorqueFlite mwaka 1978, siku za magari ya misuli zikiwa zimepita na petroli ikiwa imepanda bei.

Swali la mwisho ndilo fupi kuliko yote: gari litatumika barabarani asilimia ngapi, na mashindanoni asilimia ngapi? Mwenye gari hushika kalamu, hutazama juu, na kuandika: mashindanoni 80.

Gari hilo limeenda kwenye kiwanja cha robo maili mara mbili, mara moja likiwa limebebwa. Kazi yake halisi ni kwenda kununua mkate Jumamosi asubuhi, kusimama kwenye maegesho ya duka la hambaga Ijumaa jioni likiwa limefunuliwa boneti, na mara moja kwa mwaka kumbeba mama mkwe. Mtengenezaji, ambaye hana njia ya kuyajua haya, hujenga konveta ya stoli 4000.

Siku ya mama mkwe ndipo ukweli unapodhihirika. Anakaa mbele, mkoba mapajani. Mkwe anatia D. Hakuna kinachotokea. Anakanyaga mafuta kidogo, injini inanguruma kama simba, gari linasogea kama bibi harusi. Anaongeza, mngurumo unaongezeka, mwendo hauongezeki kwa kiasi hicho. Wanapandisha kilima kidogo cha mtaani kwa kelele zinazotosha kuvuka jangwa, na baiskeli ya mtoto inawapita upande wa kulia.

“Mwanangu,” mama mkwe anasema, macho mbele, “gia haijaingia.”

“Imeingia, mama. Hii ni ya mashindano.”

Mama mkwe anaitazama baiskeli mpaka inakata kona.

Kelele ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili iko chini ya sakafu, kwenye oili. Injini inayotoa toki ya pauni-futi 400 kwenye mizunguko 2500 inatoa nguvu ya kama kilowati 142, na konveta ikiwa kwenye stoli kamili, gari likiwa limezuiwa, nguvu yote hiyo hugeuka joto. Ni sawa na birika za umeme 70 za wati 2000 zilizotumbukizwa pamoja ndani ya lita chache za oili. Kwa sekunde mbili za kuondoka kwenye mstari wa mashindano oili huvumilia. Kwa nusu saa ya foleni, konveta ikiteleza muda wote, hata sehemu ndogo ya joto hilo hutosha. Oili ya otomatiki hupenda kukaa karibu na nyuzi 80 za Selsiasi. Ikizidi sana huanza kugeuka kutoka wekundu hadi rangi ya chai ya rangi, hutoa harufu ya mkate uliosahauliwa kwenye tanuri, na klachi ndogo zilizo ndani ya gia boksi huanza kuungua moja baada ya nyingine. Rediata ya pembeni ya kupoza oili hugharimu kidogo kuliko klachi hizo. Mwenye konveta ya stoli kubwa anayeendesha barabarani bila rediata hiyo anaweka akiba ya fundi.

Mtengenezaji mzoefu huisoma fomu kama mwalimu anavyosoma barua ya udhuru. Akiona kilo 1600, farasi 500, difu ya 2.73 na mashindano asilimia 80, hupiga simu na kuuliza gari liko wapi wakati huo. Likiwa gerejini limefunikwa blanketi, hushusha stoli kwa elfu moja na kuijenga kwa amani.

Konveta ikishafika na kufungwa, kila mwenye gari anataka kuiona stoli yake kwa macho. Njia anayoikimbilia ni kukandamiza breki, kutia D, na kukanyaga mafuta mpaka mwisho huku akiutazama mshale wa resi. Njia hiyo haitoi jibu la kweli kwenye gari lenye nguvu, kwani tairi za nyuma huzishinda breki kabla stoli haijafikiwa. Inatoa majibu mengine, hasa ikifanyiwa ndani ya gereji ya nyumbani. Magurudumu ya mbele yamefungwa breki, ya nyuma yanazunguka, sakafu ya saruji imepakwa vumbi kwa miaka mingi, na gari zima linateleza mbele taratibu kama jahazi linaloingia bandarini, kuelekea kwenye rafu yenye makopo ya rangi, reki mbili na friji ya kugandisha nyama. Namba inayosomwa kwenye mshale wakati huo ni 1900, na hakuna anayekumbuka kuiandika. Kwa joto lile la birika 70, jaribio lolote la breki halipaswi kupita sekunde chache hata mahali penye nafasi. Jibu lililo karibu na ukweli hupatikana kwenye barabara tupu: gari likitembea polepole kwenye gia ya kwanza, mafuta yanakanyagwa kwa ghafla, na pale mshale unaporukia kabla haujaanza kupanda kwa utaratibu ndipo ilipo stoli inayotumika.

Lakini kabla ya kupima kuna kufunga, na kwenye kufunga ndiko fedha nyingi hupotea kwa sauti ndogo. Konveta haiwekwi tu kwenye gia boksi na kukazwa. Shingo yake lazima ivae shafti ya gia boksi, kisha shina la steta, kisha meno ya pampu ya oili, na kila hatua huingia kwa mshtuko mdogo unaosikika mkononi kuliko masikioni. Fundi huigeuza konveta kushoto na kulia akiisukuma, huku akihesabu: moja, mbili, tatu. Asiye na subira husikia mbili na kuridhika. Gia boksi inapandishwa kwa jeki hadi kwenye injini, na nafasi ya kidole inabaki kati ya vyuma viwili vilivyopaswa kugusana. Hapo ndipo anapoamua kuzivuta kwa bolti. Bolti zinakaza vizuri, nafasi inafunga, na ndani kabisa kinasikika kitu kama mtu anayevunja karanga kwa meno. Ni pampu ya oili. Kila kilichopandishwa kinateremshwa. Kipimo cha kujua kwamba mambo yako sawa ni rahisi: gia boksi ikishagusana na injini, konveta inatakiwa bado izunguke kwa mkono, na iwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 ya kuvutwa mbele ili ifikie sahani ya krenki.

Kabla ya hapo humiminwa kama lita moja ya oili ndani ya konveta ikiwa imelazwa, shingo juu, ili isianze kazi ikiwa kavu. Kisha husimamishwa ili ivalishwe, na sehemu ya lita hiyo huingia kiatuni. Hakuna njia inayojulikana ya kuliepuka jambo hili. Kwenye baadhi ya injini za Chrysler, kama ile ya lita 5.9 ya inchi za ujazo 360, konveta hubeba pia vizito vya kusawazisha krenki, na mwenye kununua isiyo navyo hupata gari linalotetemeka kiasi cha kumwaga kahawa, akabadilisha plagi, tairi na braketi za injini kabla hajamsikiliza mtu aliyemwambia tangu mwanzo.

Oili ya mwisho hujazwa injini ikiwaka, na kila kabila la gia boksi lina desturi yake. Za General Motors hupimwa kwenye P. Za TorqueFlite za kizamani hazipeleki oili kwenye konveta gia liva ikiwa kwenye P, hivyo huwashwa na kupimwa zikiwa kwenye N, gurudumu likiwa limewekewa kigingi. Asiyelijua hilo huona dipstiki ikisema imejaa, huku konveta ikiwa nusu tupu, na gari hugoma kuondoka.

Mwezi wa Novemba theluji inapokaribia, gari hufunikwa blanketi. Wakati wa baridi oili iliyomo ndani ya konveta hujichuruzisha polepole na kurudi kwenye sampu ya gia boksi, sampu hujaa kupita kiasi, na oili hutafuta njia kwenye sili ya shafti ya gia liva. Machi mwenye gari huinua blanketi na kukuta dimbwi jekundu upana wa meza. Hupima dipstiki, injini ikiwa imezimwa, akakuta oili imepita alama kwa vidole vitatu. Hufyonza lita mbili na kuzimwaga. Kisha huwasha injini, konveta hujivuta oili yake yote kama kawaida, na dipstiki hutoka kavu.

Hupiga simu kwa aliyemuuzia konveta.